Mtoto Akae Wapi Kwenye Baiskeli?

Ndugu msomaji, ikiwa una baiskeli na una mtoto mdogo, jambo hili linakuhusu. Ipo siku utataka kwenda naye mahali. Pengine ni kliniki. Pengine ni gulioni, au msibani kwa ndugu. Njia ni ndefu na jua ni kali. Baiskeli imeegemea ukuta. Unaitazama baiskeli, kisha unamtazama mtoto. Je, akae wapi?

Mimi ni mkulima wa mpunga katika bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Huku kwetu ardhi ni tambarare, na baiskeli ndiyo miguu yetu. Wanaume wanaendesha. Sisi wanawake tunaendesha. Watoto wa shule wanaendesha hata kabla miguu yao haijafika vizuri kwenye pedali. Kutoka nyumbani kwangu hadi zahanati ni kilomita 9. Siku hizi pikipiki za abiria zipo, lakini nauli ya kwenda na kurudi inamaliza fedha ya sabuni na chumvi. Baiskeli yangu ni ile ya kike, isiyo na bomba la juu. Haidai nauli.

Mwanangu wa mwisho alipofika miezi 14, kadi yake ya kliniki ilionyesha kilo 9 na nusu. Alikuwa mzito kumbeba mgongoni kilomita 9, na bado alikuwa mdogo kutembea. Mbele yetu kulikuwa na safari za kliniki za kila mwezi. Tena kulikuwa na chanjo ya pili ya surua na rubela, ambayo mtoto huipata akiwa na miezi 18. Nilitaka njia ya kumchukua ambayo haitamuumiza. Nikaanza kuuliza watu. Kila niliyemuuliza alikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa mbali na la mwenzake.

Mama mkwe wangu alijibu kwanza. "Mwanangu, mfunge mgongoni. Mgongo wa mama haujawahi kumwangusha mtoto."

Neno hilo ni kweli kwa mama anayetembea. Mtu anayetembea akijikwaa huanguka kwa mbele, juu ya mikono na magoti. Mtoto yuko mgongoni, hapati kitu. Lakini baiskeli haianguki hivyo. Tairi likiteleza mchangani, unaanguka ubavu, au unaanguka kwa mgongo. Hapo mtoto yuko kati yako na ardhi. Yeye ndiye anayekuwa godoro lako.

Sikubishana na mama. Nilimwomba anifunge mfuko wa mchele wa kilo 5 mgongoni, kwa kanga ileile na fundo lilelile la mtoto. Nikapanda baiskeli, nikazunguka uwanja. Unapokanyaga pedali, mgongo wako unacheza kulia na kushoto, na fundo linalegea kidogo kidogo. Mzunguko wa tatu mfuko ulikuwa umefika kwapani. Mama alicheka sana, kisha akanyamaza.

"Mchele hauna mikono ya kushika," alisema.

"Kweli, mama," nilimjibu. "Lakini mtoto akilala naye hana."

Tangu siku hiyo hakutaja tena mgongo.

Wapo pia akina mama wanaokaa juu ya keria, nyuma ya mume, mtoto akiwa mapajani. Miguu yote miwili ya mama iko upande mmoja. Mkono mmoja umemshika mtoto, mkono mwingine umeshika siti. Gurudumu likiingia shimoni, mama huruka chini. Ataruka vipi na mtoto mikononi? Mimi sikuipenda njia hiyo, wala sikuijaribu.

Na kama mtoto wako hajatimiza mwaka mmoja? Huyo usimpandishe baiskeli kwa njia yoyote. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri hivyo, na sababu yake unaweza kuiona mwenyewe. Shingo ya mtoto mchanga haijakomaa, na kichwa chake ni kizito ukikilinganisha na mwili wake. Barabara yetu ina makorongo. Kila tundu unalolipita, kichwa kile kinatikisika. Mtoto wa umri huo mbebe mgongoni, utembee. Baiskeli unaweza kuisukuma ikiwa imebeba mzigo wako. Utachelewa kufika, lakini mtoto atakuwa mzima.

Shemeji yangu aliniambia nitafute baiskeli ya kiume, nimweke mtoto mbele, juu ya bomba. Njia hii ina uzuri wake. Unamwona mtoto. Unaongea naye. Mikono yako miwili imemzunguka kama ukuta. Lakini tazama miguu yake inafika wapi. Inafika karibu na gurudumu la mbele. Mguu ukiingia gurudumu la nyuma, baiskeli inasimama. Mguu ukiingia gurudumu la mbele, baiskeli inapinduka, na wote mnaruka juu ya usukani. Tena mtoto wa mbele hupenda kushika kila kitu. Atashika kengele, atashika breki. Akisinzia, paji lake la uso linagonga chuma cha usukani. Kwa mtoto wa miaka 3 au 4 aliye macho, mwenye kikalio kidogo na mahali imara pa kukanyaga, na safari ikiwa fupi, siwezi kusema ni vibaya. Kwa mtoto wa miezi 14 na kilomita 9, nilikataa.

Kapu la mbele nililijaribu kwa mchele pia, kilo 10. Usukani ulikuwa mzito. Nilipokata kona, kapu lilitaka kuendelea kukata kona peke yake. Nikaliondoa siku hiyohiyo.

Ikabaki keria, ile ya nyuma. Hapa nataka tukae kidogo, ndugu msomaji, kwa sababu watu wengi humweka mtoto hapo. Hukunja kanga au gunia, hulitandika juu ya vyuma, humpandisha mtoto na kumwambia, "Nishike kiunoni." Kisha huondoka.

Mwaka mmoja kabla ya hayo, mtoto wa jirani yangu alichukuliwa hivyo. Alikuwa na miaka 4, mtoto mwerevu, na alimshika baba yake vizuri. Hakuanguka. Alichoka tu kuning'iniza miguu, akaivuta ndani. Kisigino kikaingia kwenye spoki.

Mimi nilihesabu spoki za gurudumu la nyuma la baiskeli yangu. Ni 40. Gurudumu kubwa kama hilo likizunguka mara moja, baiskeli inakwenda mita 2 na zaidi kidogo. Ukipiga hesabu, kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, ambao si mwendo wa haraka, spoki kama 50 zinapita mahali pamoja katika sekunde moja. Mguu wa mtoto ukiingia hapo, hauna nafasi ya kutoka. Spoki zinausukuma mpaka kwenye chuma cha fremu, na hapo unabanwa.

Kidonda cha spoki kina hila. Siku ya kwanza kinaonekana kama mchubuko. Yule mtoto wa jirani aliondolewa kiatu, watu wakasema, "Ni ngozi tu." Lakini nyama ya kisigino ilikuwa imesagwa kwa ndani. Baada ya siku chache ngozi ilikuwa nyeusi, ikafa, ikatoka. Hakukanyaga chini kwa miezi miwili. Leo anatembea, lakini kovu lipo, na viatu vya shule vinamsumbua.

Kwa hiyo jambo hilo likitokea mbele yako, usizungushe gurudumu kwa mbele, wala usiuvute mguu kwa nguvu. Lirudishe gurudumu nyuma taratibu. Mguu ukikataa kutoka, kata spoki. Spoki hununuliwa. Kisha osha kidonda kwa maji safi, kifunike kwa kitambaa safi, mpeleke mtoto zahanati siku hiyohiyo hata kama unaona mchubuko tu. Mfupa unaweza kuwa na ufa. Tena mganga ataangalia kama mtoto anahitaji sindano ya pepopunda. Usipake majivu, wala mafuta ya taa, wala dawa ya meno.

Nilipokwenda kwa fundi baiskeli nilikuwa na jambo moja tu kichwani, nalo ni miguu. Nikamwambia, "Fundi, sitaki mto wa kukalia tu. Nataka mahali pa miguu."

Fundi alisugua mikono yake yenye grisi, akasema, "Shemeji, umeuliza vizuri. Wengi huniuliza habari ya makalio."

Akanikumbusha waendesha baiskeli za abiria. Kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, watu walianza zamani kuvusha abiria kwa baiskeli, na jina la bodaboda lilitoka huko mpakani kabla ya pikipiki kulichukua. Baiskeli zile hutiwa mto juu ya keria, na vyuma viwili vya kukanyagia karibu na ekseli ya nyuma. Nikafikiri sana njiani kurudi. Abiria mzima, mwenye akili zake, amewekewa mahali pa kukanyaga. Mtoto wa miaka 2 tunamwachia miguu ininginie!

Viko viti vya watoto vya plastiki vinavyotengenezwa viwandani. Vile vya nyuma vinavyotengenezwa Ulaya kwa kawaida ni vya mtoto wa kilo 9 hadi 22. Ukikipata kimoja mjini, na fedha unayo, kikague vizuri na ukinunue. Mimi sikuwa na fedha hiyo. Nilikwenda kwa seremala na mbao zangu, na fundi akaja na spana zake.

Kiti tulichotengeneza ni hiki. Kina mgongo mrefu unaofika juu ya kichwa cha mtoto, ili kichwa kisirudi nyuma anapolala. Kina mbavu mbili za pembeni. Kutoka kwenye kikalio zinashuka mbao mbili pana, moja kila upande wa gurudumu, zinazofunika mahali pote ambapo miguu inaweza kufika. Mwisho wa kila ubao kuna kijukwaa kidogo cha kukanyaga, chenye mkanda unaopita juu ya kiatu. Mkanda wa mguu ni wa lazima. Mtoto haelewi ukimwambia asisogeze mguu.

Kiti kimefungwa kwenye keria kwa bolti nne na vipande vya chuma. Mwanzoni seremala alitaka kutumia kamba ya mpira, ile tunayokata kutoka tyubu kuukuu. Fundi alikataa. Mpira ni mzuri kwa gunia la mkaa, kwa kuwa unavutika. Kiti cha mtoto hakitakiwi kuvutika. Kabla ya yote fundi aliikagua keria yenyewe. Ilikuwa ile nzito, yenye miguu inayoshuka mpaka kwenye ekseli. Keria nyembamba iliyoshikwa na skrubu mbili chini ya siti isingefaa.

Mikanda ya mwili tuliikata kutoka begi la shule lililochakaa, pamoja na vifungio vyake. Miwili inapita mabegani, mmoja kiunoni, na mwingine unapita katikati ya mapaja ili mtoto asiteleze chini. Mkanda wa kiuno peke yake hautoshi. Mtoto akilala anapinda kama jani la mgomba.

Kitu kimoja nilikiona mwenyewe, na hata fundi hakuwa amekiwaza. Siti za baiskeli zetu zina springi mbili kwa nyuma. Mtoto akikaa kwenye keria, springi zile ziko mbele ya uso wake, na vidole vyake vinazifikia. Unapokalia siti zinafunga, ukiinuka zinafunguka. Nilizizungushia kipande cha tyubu pande zote na kukifunga kwa waya, ncha za waya zikitazama mbele. Tazama siti yako leo, utaona ninachosema.

Kisha tulifunika gurudumu la nyuma pande zote mbili kwa wavu wa nyuzi, kutoka kwenye madigadi hadi kwenye ekseli. Mbao zinazuia miguu, na wavu unazuia kanga. Pindo la kanga likiingia gurudumuni, hulivuta vazi lote pamoja na aliyelivaa. Mimi nikiendesha huvaa suruali chini ya kanga, na kanga naifunga fupi. Wako watu waliosema maneno. Wamesema, wamechoka.

Mtoto hakupanda siku hiyo. Aliyepanda kwanza alikuwa mchele, kilo 10, umefungwa mikanda yote. Nilikwenda naye mpaka mtoni na kurudi. Nilijifunza mambo ambayo mtu hawezi kukuambia mdomoni. Baiskeli ikiwa imesimama, uzito wa nyuma unataka kuiangusha. Breki zinachelewa kushika. Na mvua ikinyesha, rimu za chuma zikilowa, breki hizi zetu za fito hazishiki vizuri kabisa. Kwa hiyo wakati wa masika, palipo na mteremko, mimi hushuka na kusukuma. Kwenye mchanga mwingi pia husukuma. Kwenye daraja la magogo husukuma hata wakati wa kiangazi.

Kupanda nako kunahitaji akili. Wanaume wamezoea kurusha mguu kwa nyuma, juu ya keria. Mtoto akiwa huko, mguu ule utampiga kichwani. Hapa ndipo baiskeli ya kike inapoishinda ya kiume. Mguu unapita mbele, mahali ambapo bomba halipo. Mume wangu anapomchukua mtoto huilaza baiskeli kidogo upande wake, akapitisha mguu juu ya bomba taratibu kama mzee. Anasema inamtia aibu. Lakini hufanya.

Mtoto anapanda wa mwisho na anashuka wa kwanza. Mzigo, chupa ya maji, kadi ya kliniki, vyote vinafungwa kabla yake. Sikumwacha mwanangu juu ya baiskeli iliyosimama kwa stendi hata mara moja, hata kwa muda wa kununua chumvi. Stendi inazama ardhini, mtoto anajitikisa, na kiti chake kiko juu kuliko meza. Ukiwa peke yako, iegemeze baiskeli mtini, funga mkono wa breki kwa mpira ili gurudumu lisiende, na mkono wako mmoja usitoke kwa mtoto. Ndoo ya maji au dumu la lita 20 havipandi siku anayopanda mtoto.

Kuhusu kichwa, kofia ngumu ya mtoto ndiyo inayofaa. Huku kwetu ni shida kuipata. Mimi niliipata kwenye mitumba baada ya miezi mingi, nikaipima kwanza kama inamkaa, kwa sababu kofia inayoteleza machoni inamsumbua tu. Kabla ya hapo nilimfunika kwa kitambaa cha jua, na nilikwenda polepole zaidi.

Jua nalo lina mambo yake, na baridi pia. Alfajiri wewe unakanyaga pedali na unatoka jasho. Mtoto amekaa tu, na upepo unampiga. Usipime baridi yake kwa mwili wako. Shika mikono na miguu yake. Saa sita mchana ni kinyume chake. Jua linampiga mapaja palepale bila kuhama. Mimi husimama kila baada ya kilomita tatu hivi, chini ya mti, nikamfungua, akanywa maji, akakimbia kidogo. Safari ambayo ningeimaliza kwa dakika 40 huniwia saa nzima na robo. Naondoka mapema.

Siku ya chanjo ya miezi 18 tulikwenda kwa kiti hicho. Alilala kuanzia kilomita ya pili. Muuguzi alipotuona tunaingia uwanjani, aliwaita wenzake waje kukitazama. Mama mmoja aliinama, akashika zile mbao za miguu, akauliza bei. Nilimwambia gharama ya seremala, bolti na chakula cha mchana cha fundi, na nikamwambia pia habari ya mchele.

Sasa mwanangu ana miaka 5 na kilo 17. Magoti yake yalikuwa yamefika mgongoni kwangu, kwa hiyo tulikiondoa kiti. Anakaa juu ya mto kwenye keria, anakanyaga vyuma viwili kama abiria wa Busia, na ule wavu wa gurudumu bado upo. Kiti kinaning'inia kwenye boriti ndani ya nyumba. Mke wa shemeji yangu anakitaka. Mtoto wake ana miezi 7. Kila akija kuchota maji hukitazama, na kila mara namwambia, "Bado miezi mitano, mdogo wangu." Leo asubuhi alipita hapa akienda kliniki kwa miguu, mtoto mgongoni, anasukuma baiskeli yenye mzigo wa ndizi.